Ng'ombe wa Rebeka Alikamuliwa na Nani?

Vijana wangu wa Jumamosi, mmeniomba niwaandikie jinsi mtu anavyoweza kutunga hadithi kwa miaka mingi bila kukauka na bila kujidharau. Sitati alitaka niyapange maelezo yangu kwa namba, moja hadi kumi, ili ayabandike ukutani pale tunapokutana. Nilijaribu. Nilipofika namba mbili niliona inapingana na namba moja, nikaacha. Badala yake nitawaeleza habari za mtu ambaye sikuwahi kumshika mkono, ingawa kwa miaka kumi na minane nililala kwenye boma lake kila Agosti na kila Desemba. Kazi hii nilijifunza kwake.

Kwanza niseme kwa nini naandika wiki hii wala si mwezi ujao. Nafula hajaja Jumamosi tatu. Sababu mnaijua. Ile barua pepe ya mchapishaji ya kumkatalia ilikuwa na mistari minne, naye aliisoma mbele yetu huku akicheka. Kicheko kile nakifahamu, nimewahi kukicheka mimi mwenyewe. Sitati ananiambia kwamba Nafula ametishia kuifuta riwaya yote kwenye simu. Sitati anadhani ni maneno tu. Mimi sina hakika. Ninachojua ni kwamba siku aliyotusomea ile sura ya Simiyu na godoro lake, hakuna kati yenu aliyegusa simu kwa nusu saa nzima, na hilo sijaliona tena tangu tuanze.

Nafula, wenzako wakikutumia haya, soma mpaka mwisho. Nina swali moja kwako.

Mimi ni mtoto wa Kitale. Wazazi wangu walihamia kutoka Mkoa wa Kati, wakapata shamba dogo nje ya mji, tukakua tukisema Kikuyu jikoni na Kiswahili kila mahali pengine. Nikaolewa na Mbukusu, mwanamume mpole aliyefanya kazi ya serikali Kitale na ambaye kwao ni karibu na Chwele. Huko ndiko nilikoanza kuitwa Mama Wekesa, na kuna watu waliokwenda kaburini bila kujua kwamba naitwa Nyambura.

Nilikuwa karani katika chama kidogo cha wakulima ambacho leo hakipo tena. Mchana wenzangu wakienda kula, nilibaki na andazi na daftari. Niliandika nusu ukurasa. Watu huniuliza nilitoa wapi muda wa kuandika vitabu tisa, na nikiwajibu huwa hawafurahi, kwa sababu nusu ukurasa kwa siku ni kitu kidogo mno. Lakini udogo wake ndio ulioniokoa. Mtu anayejiwekea kurasa kumi akishindwa Jumatatu, Jumanne hujificha. Mimi sikuwa na sababu ya kujificha. Hata mwenye homa huandika nusu ukurasa.

Siku moja karatasi yenye nusu ukurasa wangu ilichomoka daftarini, ikapotea. Wiki iliyofuata aliingia ofisini mkulima mmoja, mwanachama wetu, mtu mzima mwenye kofia, na nyuma yake mke wake, na mke ndiye aliyekuwa ameshika karatasi.

"Nani hapa anaandika faili ya huyu mzee?" mama yule akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Basi niambie. Huyu Rebeka ni nani, na anatoroka kwa shamba yetu akienda wapi?"

"Mimi sina bibi anaitwa Rebeka," mkulima akasema, na kwa jinsi alivyolisema ilionekana amelirudia sana njiani.

Karatasi yangu ilikuwa imeingia katikati ya karatasi zake alizokuja kuchukua. Nilieleza, uso ukiwaka, kwamba Rebeka ni mtu wa kutunga, hayupo, sijamwona popote.  Mama yule akaisoma tena ile karatasi, taratibu, midomo ikisogea.

"Ati hayupo?"

"Hayupo, mama."

"Na amebeba nguo gani? Hapa unasema ametoka asubuhi na baridi. Sijaona sweta."

Mume wake alipumua kama mtu aliyefunguliwa pingu.  Nilikuwa nimemtoa mwanamke nyumbani kwake, Kitale, mwezi wa Julai, bila sweta! Kama ungeniuliza mvua ya asubuhi ile ilifananaje, nilikuwa na maneno sitini ya kuisifu.

Hayo ndiyo yalikuwa maandishi yangu ya wakati ule. Nilikuwa nimejifunza Kiswahili kizuri, na nilitaka kila mtu ajue.

Sasa twende Chwele.

Mara ya kwanza nilipopelekwa kwa wakwe, baba mkwe wangu alikuwa amesimama kando ya shamba la mboga za sukuma, mrefu, mkimya, ameshika kofia. Kwetu mtu mzima husalimiwa kwa mkono. Nikamwendea nimenyoosha wangu. Alirudi nyuma hatua moja, nikasonga mbele hatua moja, akarudi tena, na tukaendelea hivyo mpaka akawa amesimama katikati ya sukuma na wifi zangu wamejishika mbavu. Ndipo mama mkwe aliponivuta akanieleza. Kwa Wabukusu wa rika lake, mke wa mwana na baba mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hamshikani mikono, hamketi chumba kimoja. Mkikutana njiani unapinda kidogo, naye anapinda kidogo. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini Mzee hakuwa mtu wa kulegeza.

Kila Desemba wanawake wa boma walikaa jikoni alasiri wakipukuchua mahindi. Jiko lilikuwa nyumba ndogo ya udongo, peke yake uani. Wifi yangu Nanjala alikuwa ameliona daftari langu.

"Mama Wekesa, si utusomee hiyo kitu. Mahindi inachosha bila hadithi."

Nikasoma. Nilikuwa na hakika watalia. Nilipofika ukurasa wa tatu nikatupa jicho, nikaona mikono yao inakwenda mbio, punje zinaruka kama mvua ya mawe. Nilidhani wamesisimka. Ilinichukua Desemba mbili kugundua kwamba mikono ikienda mbio maana yake wanataka mahindi yaishe waondoke. Ukimshika mpukuchuaji kwa hadithi, mikono yake hupungua kasi, na ukimshika sawasawa, gunzi hubaki hewani. Vijana, msimsomee mtu aliyekaa mikono mitupu. Atawatazama machoni na kuwadanganya kwa adabu. Msomeeni mtu mwenye kazi mikononi, kisha msitazame uso wake.

Siku hiyo ya kwanza, nyuma ya ukuta wa jiko, kulikuwa na sauti ya mtu akikwangua mpini wa jembe kwa kipande cha chupa. Kru, kru, kru. Sikuijali. Kesho yake asubuhi mama mkwe alinijia nikiosha vyombo.

"Mzee anauliza kitu."

"Ananiuliza mimi?"

"Anauliza, yule mama wa kitabu, Rebeka. Ulisema ako na ng'ombe ya maziwa. Ametoka kwake Jumatatu. Saa hii kwa kitabu ni Alhamisi. Nani anakamua?"

Niliachia sufuria.

Jamani, nilikuwa na ng'ombe katika sura ya kwanza kwa sababu alipendeza pale alipokuwa, akicheua kwenye ukungu. Nilimsahau kwenye ukungu uleule. Na mzee mmoja aliyekaa upande wa pili wa ukuta, ambaye hakuruhusiwa kuingia nilipo, alikuwa amelala akimwaza ng'ombe yule, kiwele kimejaa, hakuna wa kumkamua.

"Mwambie sijui," nikamwambia mama mkwe.

Alikwenda, akarudi. "Anasema sawa. Ukijua umwambie."

Kwa miaka iliyofuata ilikuwa hivyo. Nilisoma jikoni, kipande cha chupa kikakwangua nyuma ya ukuta, na kilipokaa kimya nikajua nimefanya kazi. Kesho yake lilikuja swali. Hakuwahi kusifu. Hakuwahi kusema hapa pamenipendeza, hapa pabaya. Aliuliza tu. Huyo askari, viatu vyake vilikuwa vya nani kabla? Hiyo barua, ikiwa mama hajui kusoma, nani alimsomea, na huyo aliyemsomea amenyamaza kwa nini? Mimi nilianza kungoja maswali yake kwa hamu kuliko nilivyongoja mshahara. Nilirudi Kitale na swali moja juu ya ukurasa mtupu, na kila mchana nusu ukurasa ulikuwa jaribio la kulijibu. Tangu hapo sikuwahi kufunga daftari bila kuandika swali la kesho. Mpango hunichosha nikiutazama asubuhi. Swali hunivutia kiti nikae.

Kisha nikajiona nimeiva. Riwaya ilikuwa imefika nusu na zaidi, nikapiga chapa sura saba, nikazituma kwa mchapishaji Nairobi. Jibu lilikuja baada ya miezi mingi: lugha safi, hadithi haina msukumo, asante. Nililisoma mbele ya mume wangu nikacheka. Nafula, unakijua kicheko hicho. Nikalifunga daftari kwenye mfuko wa nailoni, nikaliweka juu ya kabati.

Miaka miwili sikuandika neno. Chwele nilikwenda, mahindi nikapukuchua, Nanjala akaniomba hadithi mara moja, mara mbili, kisha akaacha. Nilijisemea kwamba nimekuwa mtu mzima sasa, nina watoto watatu, mambo ya daftari yalikuwa ya ujana. Nililisema hilo vizuri sana, kwa Kiswahili safi.

Desemba ya pili ya kimya changu, mama mkwe alikuja akaketi karibu nami kwenye gogo. Masikio ya Mzee yalikuwa yameanza kuziba mwaka huo. Ulikuwa ukimsikia akiambiwa kila jambo mara tatu.

"Mzee anauliza kitu."

"Anauliza nini, Mama?"

"Anauliza, Rebeka bado amesimama mlangoni kwa mama yake? Ati ulimwacha ameinua mkono akitaka kubisha hodi." Mama aliinua mkono wake mwenyewe, ngumi imefungwa, kunionyesha. "Miaka mbili sasa. Anauliza, mkono haujachoka?"

Niliingia nyumbani nikakaa kitandani. Sikulia kwa huzuni, naona leo kwamba nililia kwa aibu, kama mama aliyesahau mtoto sokoni. Mchapishaji alikuwa amenipa hukumu, na hukumu haina mahali pa kukupeleka. Barua yake nzima haikuwa na alama ya kuuliza hata moja. Mzee alikuwa amebaki na Rebeka mlangoni siku zote hizo, masikio yakizidi kufunga, akingoja mlango ufunguliwe kabla hajashindwa kusikia.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na haraka. Sikuijali tena Nairobi. Nilitaka kumaliza Mzee angali anasikia. Nusu ukurasa ukawa ukurasa, na sikungoja tena likizo, bali kila Ijumaa jioni tulishuka kutoka Kitale na kila Jumamosi alasiri nilisoma jikoni. Lakini hali yake ilitukimbia. Kufikia Aprili, hata nikipaza sauti, kipande cha chupa kilikwangua tu, kru, kru, bila kusimama, na nikajua hanisikii. Nanjala alisema nitoke nikasome karibu na sikio lake, dunia imebadilika. Mama mkwe akakataa. "Mnataka kumvunjia heshima uzeeni?"

Ni yeye aliyepata njia. Alichukua kigoda chake akakiweka mlangoni mwa jiko, mimi ndani kushoto kwake, Mzee nje kulia kwake, mdomo wake karibu na sikio la mumewe. Mimi nisome sentensi, yeye amwambie kwa Kibukusu. Wakati huo Kibukusu nilikuwa nimekielewa vya kutosha, kwa bahati mbaya.

"Rebeka aliteremsha mkono bila kubisha," nikasoma, "akaketi juu ya sanduku lake."

Mama akainama, akasema. Nikasikia anachosema.

"Mama, sijasema amechoka."

"Si ameshuka gari Misikhu akaja kwa miguu na hiyo sanduku? Amechoka."

"Lakini sijaandika hivyo."

"Basi andika."

Nikaendelea. Nilikuwa na sentensi niliyoipenda kuliko zote, ya mapambazuko, iliyoanza juu ya Mlima Elgon ikapita kwenye mihindi, ikazungukia moshi wa majiko na kutua kwenye paji la uso wa Rebeka. Nilikuwa nimeitengeneza wiki nzima. Niliisoma yote. Mama mkwe alinigeukia, mdomo wazi.

"Hiyo nimwambie nini?"

"Mwambie... kulikuwa kunapambazuka."

"Si ungesema hivyo, bana."

Kutoka mlangoni pale hadi sikio la Mzee ni shibiri mbili tu. Sentensi yangu haikuweza kufika. Jumamosi iliyofuata nilikuja na sentensi ambazo mama mkwe angeweza kuzibeba bila kumwaga. Msidhani zote zilikuwa fupi. Kuna ndefu alizozibeba vizuri kabisa, kwa sababu zilikuwa na mpini: mtu mmoja, anafanya jambo, kisha jingine, mpaka mwisho. Zile nilizoweka kwa ajili ya kujionyesha, aliziacha njiani bila hata kujua. Hakuna mhariri aliyewahi kunikata vile, na wengine wao walikuwa hodari. Hadi nilipostaafu nilikuwa nikiandika sentensi kisha namwona mama yule mlangoni, ananigeukia. Kama nilimwona ameduwaa, nilianza upya.

Tulifika sura ya mwisho Jumamosi moja ya Agosti. Lile swali la ng'ombe, ambalo kwa miaka nilikuwa sijalijibu, ndilo lililokuwa limegeuka riwaya yenyewe. Nilikuwa nimegundua, nikiandika, kwamba aliyemkamua ni jirani ambaye Rebeka aligombana naye tangu ukurasa wa kwanza. Alikuja kila alfajiri akakamua, akampelekea mama mkwe wa Rebeka maziwa, asimwambie mtu. Sikulipanga hilo. Mzee aliniuliza, nikatafuta, nikalikuta.

Nilisoma. Mama alibeba. Safari hii hakuongeza kitu. Rebeka anamkuta jirani zizini, wanatazamana, hakuna anayeomba radhi, na jirani anasema, "Nishikie huyu ndama." Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi ya mwisho. Mama mkwe aliisema kwenye sikio la Mzee. Nikatazama mikono. Nanjala alikuwa na gunzi hewani.

Kuku akaingia, akala punje miguuni petu, hakuna aliyemfukuza.

"Amesemaje?" nikanong'ona.

"Hajasema."

Halafu tukasikia sauti yake. Hakumwambia mke wake anifikishie. Aliusemesha ukuta wa jiko, kwa Kiswahili, kwa nguvu kama wasemavyo watu wasiosikia vizuri:

"Na kesho tunaanza gani?"

Vijana wangu, nimepata sifa baada ya hapo. Nimealikwa shuleni, nimepigwa picha na watu wenye suti. Riwaya ya Rebeka ilikataliwa mara mbili zaidi kabla ya kuchapwa, na nilipozipokea zile barua nilizisoma nikaziweka kando nikaendelea, kwa sababu tulikuwa tumeshaanza nyingine. Mnaponiuliza kuhusu kujiamini huwa nawaza neno lile moja, tunaanza. Sijawahi kuamini kwamba mimi ni mwandishi mkubwa. Niliamini kwamba yuko mtu mmoja anayetaka kujua kilichofuata, na hilo lilinitosha kwa vitabu tisa.

Mzee hakukishika kitabu cha Rebeka. Tulikuwa tumefika sura ya nne ya hadithi ya pili. Siku ya mazishi nilisimama mbali, panapompasa mke wa mwana, nikaifikiria sura ya tano.

Sasa macho yangu yamekataa, ndiyo maana nimestaafu, na haya namtajia Sitati ayaandike kwenye kompyuta yake. Nyinyi mnaandikia kwenye simu, mkiwa kwenye foleni ya benki, mkiwa mmekaa juu ya bodaboda mkingoja abiria. Nawaonea wivu kidogo. Njia yenu ina kasi kuliko daftari langu na sioni kama imewaharibia kitu. Ila kuna jambo moja nimeambiwa linawaudhi. Mnasema mnaposoma, mimi huwageuzia mgongo, nimekaa na karai langu la maharagwe napukuchua. Mmoja wenu aliuliza kama ni dharau.

Sasa mmejua.

Siku ile ya Nafula, nilikuwa na ganda moja la maharagwe mkononi tangu alipoanza sura yake mpaka alipomaliza. Sikulifungua. Nililikuta jioni kwenye mfuko wa koti.

Basi nakuuliza, mwanangu. Mchapishaji hayumo katika hili, mimi na wewe tu. Ulimwacha Simiyu kwenye njia panda ya Misikhu, mke amemfungia nyumba, godoro liko begani mwake, na ulisema wazi kwamba wingu limeshatoka mlimani. Imepita Jumamosi ya tatu. Jana usiku kwetu kulinyesha, nikaamka, nikakaa.

Godoro limelowa?